Jeli ya kutuliza ngozi kwa viungo vilivyochachushwa: mwongozo wa hatua kwa hatua

"Nipake mtindi kwenye ukurutu?" "Maji ya mchele yaliyolala siku tatu yanaondoa chunusi?" "Hii Bifida iliyoandikwa kwenye chupa ni bakteria hai?" Maswali haya hayaishi, na mara nyingi anayeuliza ni mtu ambaye ngozi imemwasha usiku kucha, amechoka, na yuko tayari kujaribu chochote. Tuyajibu kwanza.

Mtindi: hapana. Maji ya mchele: hapana, kama ngozi imevimba au imechubuka. Bifida ya kwenye chupa: si hai, na kwa ngozi yako hilo ni jambo jema.

Kitu kilichochachukia jikoni kina bakteria na hamira usiojua ni wa aina gani wala ni wangapi, na ukali wake hubadilika kila siku. Kombucha (chai iliyochachushwa) hushuka hadi pH 3 au chini zaidi (pH ni kipimo cha asidi: namba ikipungua, asidi ni kali zaidi), wakati ngozi yenye afya huwa karibu na 5. Ngozi yenye ukurutu ina nyufa ambazo macho hayazioni, na humo ndimo asidi, hamira na vijidudu vya jikoni hupenya. Kuna hatari nyingine isiyosemwa vya kutosha: chakula kikiingia mwilini kupitia ngozi iliyochubuka, kinga ya mwili inaweza kujifunza kukipiga vita. Huko Japani sabuni moja ya uso iliyokuwa na protini ya ngano iliyovunjwavunjwa iliwaachia zaidi ya watu 2,000 mzio wa ngano. Walikuwa wakila ngano bila shida. Baada ya kuitumia sabuni hiyo, mkate ukawavimbisha. Kwa hiyo maziwa, soya, shayiri na ngano, vichachushwe visichachushwe, visipakwe kwenye ngozi yenye majeraha, na kwa mtoto mchanga mwenye ukurutu hata usijaribu.

Kinachofaa ni kiungo cha kiwandani: aina moja ya bakteria au hamira inayojulikana, ikakuzwa kwenye mchanganyiko unaojulikana, kisha ikachujwa au seli zake zikapasuliwa, na zao lake likapimwa. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukitia kiungo hicho kwenye jeli rahisi isiyo na manukato, na namna ya kuipaka bila kuichokoza ngozi. Jeli hii ni msaidizi tu. Haichukui nafasi ya dawa uliyoandikiwa na daktari.

Kusoma lebo ya kiungo

Kuna maneno matatu ya kuyatofautisha. Ferment peke yake humaanisha zao zima la uchachushaji. Ferment Filtrate ni maji yaliyobaki baada ya seli kuchujwa: ndani yake mna asidi za kikaboni, amino asidi na sukari kidogo. Ferment Lysate ni mchanganyiko ambamo seli zenyewe zimepasuliwa, hivyo vipande vya kuta zake vimo. Vipande hivyo ndivyo vinavyotambuliwa na kinga ya ngozi, na ndiyo maana kwa ngozi yenye uvimbe tunaanza na lysate.

Chaguo zuri la mwanzo ni Bifida Ferment Lysate au Lactobacillus Ferment Lysate. Vitreoscilla Ferment ina ushahidi mzuri kwa ukurutu: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2008, watu 75 walipewa ama krimu yenye asilimia 5 ya bakteria huyo aliyepasuliwa, ama krimu isiyo naye, kwa siku 30. Mwasho na dalili zilipungua zaidi kwa waliopata ile yenye bakteria. Tatizo ni kwamba kiungo hiki ni vigumu kukipata kama malighafi. Utakikuta zaidi kwenye krimu zilizokwisha kutengenezwa.

Galactomyces Ferment Filtrate na Saccharomyces Ferment Filtrate hutokana na hamira. Huwafaa wengi wenye ngozi tulivu, lakini si mahali pa kuanzia ngozi ikiwa imewaka.

Tahadhari mbili. Leuconostoc/Radish Root Ferment Filtrate huuzwa kama kihifadhi cha asili. Usikihesabu kama kiungo cha kutuliza, na usikitegemee peke yake kuzuia kuoza. Pili, usidanganyike ukiona filtrate ni ya pili kwenye orodha ya viungo. Malighafi yenyewe kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo "asilimia 80 ya mchujo" inaweza kuwa na kitu chenyewe kidogo sana.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Vifaa:

- Mzani unaosoma hadi gramu 0.01. Mzani wa jikoni unaoruka gramu moja moja hautakusaidia hapa.
- Bika mbili (vikombe vya maabara) za kioo zinazohimili joto, na sufuria yenye maji ya kuzipashia.
- Kipimajoto.
- Karatasi za pH zinazosoma kati ya 4 na 7 kwa hatua ndogo, au kipima pH cha elektroni.
- Kijiko cha chuma kisichoshika kutu au mchapo mdogo.
- Spiriti ya asilimia 70, glavu, tishu safi.
- Chupa ya pampu ya mililita 100, ikiwezekana ile isiyoingiza hewa. Kopo la mdomo mpana liache: kila ukichovya kidole unaingiza vijidudu.

Viungo vya gramu 100 za jeli:

- Maji yaliyokenekwa, gramu 85
- Gliserini, gramu 4
- Gundi ya zanthani (unga wa kuifanya jeli iwe nzito), gramu 0.6
- Alantoini (unga wa kutuliza ngozi), gramu 0.3
- Disodiamu EDTA (hushika madini na kukisaidia kihifadhi), gramu 0.1
- Pantenoli (hutuliza na kulainisha ngozi), gramu 2
- Bifida Ferment Lysate au Lactobacillus Ferment Lysate ya majimaji, gramu 5
- Kihifadhi cha fenoksiethanoli na ethilheksiligliserini, gramu 1
- Gramu 2 zilizobaki ni za kurekebisha pH na kukamilisha uzani

Weka pembeni asidi ya sitriki na arginini. Chukua gramu 1 ya kila kimoja, kila kimoja kwenye chombo chake, na uyeyushe katika gramu 9 za maji yaliyokenekwa yaliyochemshwa.

Soma karatasi ya maelezo ya muuzaji wa lysate. Malighafi hutofautiana kwa ukali. Kama anasema mwisho ni asilimia 3, tia gramu 3 na uongeze maji gramu 2. Angalia pia kama imekuzwa kwenye maziwa au soya, endapo una mzio wa vitu hivyo.

Kutengeneza

1. Osha vifaa vyote kwa sabuni, suuza, kausha, kisha nyunyizia spiriti ya asilimia 70 ndani na nje pamoja na chupa na pampu yake. Acha ikauke yenyewe. Spiriti ya asilimia 96 hukauka kabla haijaua, kwa hiyo usidhani kali zaidi ndiyo bora. Fanya kazi hii mbali na moto.

2. Pima bika tupu na uandike uzani wake. Tia maji gramu 85, EDTA na alantoini. Funika, weka ndani ya sufuria yenye maji ya moto, na ulete mchanganyiko kwenye nyuzi 75 za Selsiasi. Ushikilie hapo dakika 20. Alantoini huyeyuka kwa shida kwenye maji baridi. Ukiiharakisha itakuja kuonekana baadaye kama punje za mchanga kwenye jeli.

3. Wakati maji yanapata moto, tia gliserini kwenye kikombe kidogo kikavu, nyunyizia gundi ya zanthani juu yake, na ukoroge. Endelea mpaka usione tena unga mkavu pembeni: mchanganyiko unakuwa mzito, mweupe wenye ukungu, unaovutika kidogo kijiko kikinyanyuliwa. Hatua hii usiiruke. Unga wa zanthani ukigusa maji moja kwa moja, nje yake hulowa na kujifunga huku ndani ukibaki mkavu, na madonge hayo hayayeyuki hata ukoroge saa nzima.

4. Mimina mchanganyiko huo kwenye maji ya moto taratibu huku unakoroga. Ukitumia mchapo wa umeme, kichwa chake kibaki chini ya maji ili usiingize hewa. Baada ya dakika 5 hadi 10 maji yanageuka jeli laini. Pima bika: ukitoa uzani wa bika tupu, unapaswa kupata gramu 90 (au 92 kama ulipunguza lysate hadi gramu 3 na kuongeza maji). Kama ni pungufu, hayo ni maji yaliyotoka kama mvuke. Yarudishe kwa maji yaliyokenekwa yaliyochemshwa.

5. Acha ipoe hadi chini ya nyuzi 40. Sasa tia pantenoli, koroga; tia lysate, koroga; tia kihifadhi, koroga dakika 2 nzima. Kimoja kimoja. Anayetia lysate kwenye maji ya nyuzi 75 anaweza kuharibu alichokinunua kwa gharama kubwa kuliko viungo vingine vyote.

6. Pima pH. Unayoitaka ni kati ya 5.0 na 5.5. Ikizidi, dondoshea matone 2 au 3 ya maji ya asidi ya sitriki, koroga dakika moja, pima tena. Ikiwa chini ya 5.0, fanya hivyo hivyo kwa maji ya arginini. Usimimine kwa kukisia. Kurudi nyuma kunakula gramu zako 2 haraka. Ukifika, ongeza maji yaliyochemshwa na kupoa mpaka uzani wa jumla uwe gramu 100.

7. Jaza chupa, andika tarehe, jina la lysate na pH. Iache saa 24 kisha pima pH tena. Hifadhi mahali pa baridi pasipo na mwanga, na uitumie ndani ya miezi 3. Jeli isiyopimwa maabara haina haki ya kukaa zaidi ya hapo, hata ikionekana nzima.

Kihifadhi kimewaudhi wengi: "Si kinaua bakteria wazuri?" Hawa wamekwisha kufa. Wasiotakiwa ni wale watakaoingia kesho, na maji yenye sukari na amino asidi za uchachushaji ni chakula chao kizuri kuliko jeli ya kawaida. Jeli ya lysate isiyo na kihifadhi inaweza kuharibika kwa siku chache tu, na ukurutu ni ngozi ambayo tayari hukaliwa kwa urahisi na bakteria wa maambukizi aitwaye Staphylococcus aureus. Usiiongezee wageni.

Kupaka

8. Jaribu kwanza kwenye ngozi nzima. Sehemu ya ndani ya mkono chini ya kiwiko, eneo la sentimita 5 kwa 5, mara mbili kwa siku kwa siku 7. Kupaka mara moja na kusubiri saa moja hakutoshi, kwa sababu mzio wa mguso huweza kuchukua siku kadhaa kujitokeza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika: tazama kama panageuka zambarau au kahawia iliyokolea, pima joto kwa mgongo wa mkono, na pitisha kidole kusikia vipele vidogo.

9. Mkono ukiwa salama, chagua doa moja tu la ngozi yenye tatizo, dogo kuliko kiganja. Paka jioni tatu mfululizo. Lisiwe doa linalotoa maji.

10. Kisha endelea na eneo lote, jioni tu kwa wiki 2, baadaye asubuhi na jioni. Paka ndani ya dakika 3 baada ya kunawa, ngozi ikiwa bado ina unyevu, kwa safu nyembamba. Kwa ukurutu, ikishanyonywa, funika kwa mafuta ya mgando au krimu nzito isiyo na harufu. Jeli haina mafuta yoyote; ukiiacha peke yake kwenye ngozi kavu inaweza isizuie ukavu.

11. Usianzishe kitu kingine kipya kwa wiki 4: si retinoli (vitamini A ya kupaka), si asidi za kung'arisha, si sabuni mpya. Ukibadilisha vitu viwili, hutajua ni kipi kilichosaidia wala kipi kilichodhuru. Piga picha mara moja kwa wiki, mahali pamoja, mwanga uleule.

Kama una dawa ya steroidi au ya chunusi uliyoandikiwa, paka dawa kwanza, subiri dakika 30, ndipo jeli. Usiache dawa kwa sababu ngozi imeanza kupoa.

Ngozi hazifanani

Ukurutu ndio unaonufaika zaidi na mpango huu, hasa vipindi vya katikati ambapo moto umeshuka lakini ngozi bado kavu na yenye mwasho. Wakati wa mlipuko mkali, dawa kwanza. Jeli irudi ngozi ikishafunga.

Kwa chunusi zenye uvimbe, itumie bila mafuta ya mgando juu yake. Inafaa zaidi kwa ngozi iliyochokozwa na dawa za chunusi zenyewe.

Rosasea, ugonjwa wa wekundu wa kudumu usoni, ina hasira ya haraka. Anza kila siku ya tatu, pH isishuke chini ya 5, na usiongeze manukato wala mafuta ya mimea yenye harufu, hata tone moja la lavenda "kwa ajili ya harufu".

Ukurutu wa mafuta, ule wa magamba ya manjano kichwani, kwenye nyusi na pembeni ya pua, unahusiana na hamira aitwaye Malassezia. Huyo hutibiwa kwa dawa ya fangasi kama ketokonazoli. Vivyo hivyo vipele vidogo vinavyofanana vyote, vinavyowasha, kwenye paji la uso na kifuani: watu huvipaka vitu vya chunusi miezi mingi bila mafanikio. Vitibiwe kwanza, na viungo vya Galactomyces na Saccharomyces viache kando mpaka hapo.

Soriasisi (mabaka yenye magamba mazito): tarajia ulaini na nafuu kidogo ya mwasho, basi.

Aliye na kinga dhaifu, kwa ugonjwa au kwa dawa, asipake kitu chochote chenye bakteria hai bila kuzungumza na daktari wake.

Mambo yanapoharibika

*Jeli ina madonge.* Zanthani haikulowa vizuri kwenye gliserini. Chuja kwa kitambaa kilichochemshwa kama bado hujatia lysate. Kama umeshatia, iache hivyo, ina sura mbaya tu. Safari ijayo tumia kikombe kikavu kabisa.

*Imekuwa majimaji baada ya siku moja au mbili.* Kama ulibadilisha zanthani ukatumia kaboma (unga mwingine wa kugandisha jeli), sababu ni hiyo: chumvi na asidi za lysate huvunja jeli ya kaboma. Kama ulitumia zanthani na bado imelegea siku chache baadaye, shuku vijidudu na uitupe.

*Inanukia kama mkate au hamira.* Ni kawaida. Harufu ya uchachu mkali, ya kuoza, pampu inayotoa hewa kwa nguvu, madoa au nyuzi ndani ya jeli: tupa yote, usijaribu kuiokoa kwa kuongeza kihifadhi.

*pH imeshuka.* Badiliko la 0.1 au 0.2 ni la kipimo. Ikishuka kwa 0.5 au zaidi ndani ya wiki, shuku kuna kitu kinachokua humo.

*Inajikunja vipande vipande usoni.* Umepaka nyingi mno, au umepaka kitu kingine juu kabla haijakauka. Ikiendelea, punguza zanthani hadi gramu 0.4 na uongeze maji gramu 0.2.

*Inachoma.* Mchomo mwepesi unaoisha ndani ya dakika moja kwenye ngozi yenye nyufa huweza kuvumilika. Ukizidi hapo, osha kwa maji ya vuguvugu na upumzike siku 3. Ukirudi tena, tengeneza jeli ileile bila lysate na uijaribu kwenye mkono: ikichoma nayo, mkosaji ni kihifadhi au kiungo kingine, na lysate haina kosa.

*Vipele vipya vimetokea.* Acha kabisa. Hakuna "ngozi inatoa sumu". Lysate haiharakishi ngozi kujivua kama retinoli, kwa hiyo vipele vipya humaanisha ngozi haijaipenda.

*Wiki 8 zimepita bila badiliko.* Linganisha picha ya kwanza na ya mwisho. Kama huoni tofauti, acha. Kuongeza lysate hadi asilimia 10 au 20 mara nyingi huongeza tu uwezekano wa kuchokoza.

*Ngozi inatoa maji, imeweka magamba ya rangi ya asali, au kuna usaha na homa.* Huenda ni maambukizi ya bakteria, na jeli isiguswe. Mwone daktari. Na ikiwa juu ya ukurutu vimetokea kwa ghafla malengelenge madogo yaliyokusanyika, yanayouma kuliko kuwasha, yakipasuka yanaacha vishimo vya duara vinavyofanana, inaweza kuwa hepesi (ugonjwa wa virusi) iliyosambaa kwenye ukurutu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na kama yako karibu na jicho, nenda saa hiyohiyo.